Sajini Leakey wa Kiganjo: tumhesabu shujaa wetu au tumwachie mfalme wake?

MwanaNyeri: Wadau salamu. Kila Mashujaa Day ikifika tarehe 20 Oktoba tunasoma majina yaleyale. Nigel Leakey mbona hatajwi? Kazaliwa Kiganjo hapa Nyeri 1913, sajini wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki), akapewa Victoria Cross (VC) ambayo kwa Waingereza hakuna nishani ya ushujaa vitani inayoipita. 19 Mei 1941 kule Colito, Ethiopia, wenzake walikuwa wameshavuka mto, mara vifaru vya Waitaliano vikawatokea. Mabomu ya mota yalikuwa yameisha, jamaa akadandia kifaru kikiwa kinatembea, akafungua mfuniko kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwa ndani kasoro dereva, akamlazimisha aendeshe mpaka mafichoni. Mzinga ukakataa kufyatua, akashuka akavifuata vingine kwa miguu, akapanda kingine, hapo ndipo cha nyuma yake kikammiminia risasi. Miaka 28 tu! Kwangu ni Mkenya na ni shujaa. Nyie mnasemaje?

BintiMvita: Huyo si alikufa Burma? Anyway, mzungu wa mashamba ni mzungu wa mashamba, alipigania himaya iliyotunyang'anya ardhi. Hiyo Kiganjo yenyewe ilikuwa ya nani kabla hajazaliwa hapo?

Kamanda_Tabora: Burma ni 1944 dada yangu, bonde la Kabaw, hiyo ni vita nyingine kabisa. Na mwenye mada, hebu tulia na hiyo "Mkenya". Leakey alikuwa kikosi cha 1/6 KAR, na hiyo KAR ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, vijana wa kwetu huku. Halafu kuna kitu umekiruka. Maelezo ya nishani yenyewe yanasema alipokwenda kuvizia vile vifaru alikuwa pamoja na sajini meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili. Majina yao hayamo! Watu wanne wanakwenda kwa miguu kukabili vifaru, mmoja anaandikwa jina, watatu wanaandikwa rangi na cheo. Vita ile yote hakuna askari mweusi wa KAR aliyepewa VC, hata ile DCM, nishani nyingine ya ushujaa, walitengenezewa ya kwao mbali na ya wazungu mpaka 1942. Mimi nataka kumjua huyo sajini meja, Leakey tayari ana watu wa kumsemea.

MwanaNyeri: Sasa mbona unaniongelesha kama mimi ndio nimewaficha? "Ana watu wa kumsemea", watu gani? Mwili wake haukupatikana, amebaki jina ukutani Nairobi kwenye ukumbusho wa askari, na VC yenyewe ilitangazwa Novemba 1945. Wewe ndio umeleta mambo ya rangi hapa.

BintiMvita: Rangi ililetwa na waliogawa nishani bana.

Jirani wa Mlima: MwanaNyeri anaogopa kuwaambia lililobaki, nitasema mimi. Baba yake huyo Nigel, mzee Gray, alizungumza Kikuyu kama sisi, na 1954 Mau Mau walimtoa nyumbani wakamzika hai. Mtoto kafia Ethiopia, baba kauawa hivyo. Muwe na utu kidogo mnapoandika "mzungu wa mashamba".

BintiMvita: Utu?? Kambi ya Hola hapa Kenya, 1959, watu 11 walipigwa na askari jela mpaka wakafa, walikuwa kizuizini hawana hata fimbo. Taja jina la mmoja wao hapa bila kutafuta. Mmoja tu. Ukiweza, nitamlilia mzee Gray na wewe.

Kamanda_Tabora: Mmeshahama mada. Niongeze tu kwamba kambi yetu ya Lugalo pale Dar zamani iliitwa Colito, kwa ajili ya vita hiyohiyo. Tukaifuta, na ilistahili kufutwa.

MheheHalisi: Ilistahili sana mkuu! Lugalo ni 17 Agosti 1891, watu wa Mkwawa kwa mikuki na bunduki chache wanamvizia kamanda Zelewski na jeshi lake la Wajerumani wanalimaliza. Hakuna aliyevishwa medali pale.

Mdau_Posta: Mnasahau mliloona aibu nalo. Colito ndiko yalikoanzia maasi ya wanajeshi ya 20 Januari 1964, na ndio maana mimi naamini jina lilibadilishwa, Mkwawa akatumika kufunika. Wanajeshi walewale mnaowasifia humu ndio warithi wao walimfanya Mwalimu ajifiche.

Kamanda_Tabora: Rudia hilo. Walewale? Waliopigana 1941 ni baba zao! Na wa 1964 walitaka nini? Mshahara ulioeleweka na maofisa wa Kiingereza waondoke, miaka miwili na kitu baada ya uhuru bado mzungu anawapigia filimbi.

Mdau_Posta: Na wakatulizwa na nani? Wanamaji wa Kiingereza, tarehe 25, kwa helikopta. Nchi huru inaomba mkoloni aje kunyang'anya jeshi lake silaha. Hiyo ndiyo gharama waliyotuletea, na wewe unawatetea.

MheheHalisi: Bila yale maasi tusingekuwa na JWTZ Septemba ileile, jeshi la wananchi kweli.

Mdau_Posta: Kwa hiyo askari akimgeuzia serikali bunduki ni baraka? Waambie watu waliopoteza ndugu Dar wiki ile.

Kamanda_Tabora: Mimi ni mtoto wa askari, usinifundishe uchungu wa kambi. Baba alikuwa anakunja sare yake kila jioni na nyumbani hatuna sukari. Mtu akidai haki yake baada ya kutumwa kufa Ethiopia na Burma, wewe unamwita mwasi, halafu kesho unakuja kusimama mbele ya sanamu la Askari pale Posta upige picha.

MwanaNyeri: Nimeuliza kuhusu Leakey jamani.

BintiMvita: Hayo majina 11 bado nayangoja.