Riwaya ya mapenzi kazini, miaka ya 1950: New York, Washington au London?

KalamuYaUsiku: Wakuu, wahusika ninao, ofisi sina. Wanaume wawili, kazi moja, wanapendana. Nimebakiza tatu: gazeti New York, idara ya serikali Washington, au wizara London. Nataka mapenzi, si kesi ya kurasa mia tatu. Mngechagua ipi?

BwanaFaili: Washington 1953, wala usihangaike. Aprili mwaka ule Rais Eisenhower alisaini amri namba 10450, ambayo iliwafanya watu kama hao wahesabiwe hatari kwa usalama wa nchi. Waliotimuliwa ni maelfu. Frank Kameny, mtaalamu wa elimu ya nyota, aliondolewa kwenye idara ya ramani ya jeshi mwaka 1957. Na mhojaji hatosheki ukikiri ya kwako, anataka majina ya wenzako. Mwenzako mwenyewe ameketi meza ya pili. Unataka nini tena?

MamaRiwaya: Nataka wapumue, mwanangu! Hiyo ni hadithi ya kijasusi. Hao watabusiana saa ngapi?

MsomajiTu: London ina kitu ambacho hamkioni. Kamati ya Wolfenden, ya serikali ya Uingereza, iliundwa 1954, ikapendekeza 1957 kwamba mapenzi ya faragha kati ya wanaume watu wazima yasiwe jinai, na sheria ikabadilika 1967, tena England na Wales tu. Ukiwaweka 1957 wanasoma ripoti kwa furaha, na msomaji anajua bado miaka kumi.

Ila mimi ningewafanya wanawake. Sheria ile haikuwagusa. Halafu wizara ya mambo ya nje ya kule, mwanamke akiolewa alipaswa kuacha kazi, hadi miaka ya 1970. Kwa hiyo afisa wa kike wa miaka arobaini asiye na mume, nani angemshangaa? Kanuni ya kuwabana ikawa pazia lao.

KalamuYaUsiku: Hilo pazia naliiba kwa kitabu cha pili. Hawa wa sasa nimewaomba wabadilike, wamekataa.

MamaRiwaya: Basi gazeti. Gazeti la asubuhi hutengenezwa usiku, na wanaume wawili wakila pamoja saa nane za usiku wanaonekana wametoka zamu, basi. Taipureta zinapiga kelele mpaka mtu akuinamie sikioni ndipo umsikie. Nusu ya kazi yako imeshafanyika hapo.

BwanaFaili: Na hatari iko wapi? New York mapenzi hayo walishayashusha kuwa kosa dogo mwaka 1950.

MamaRiwaya: Dogo kwenye vitabu vya sheria. Polisi waliendelea kuwatega watu kwenye baa, na magazeti ya Marekani enzi zile hayakuona tabu kuchapa majina ya waliokamatwa, mara nyingine pamoja na anwani na kazi ya mtu. Sasa niambie, habari hiyo inaandikwa na nani?

MsomajiTu: Aisee.

KalamuYaUsiku: Saa tano usiku mhariri anamtupia mezani orodha ya polisi. Majina sita. La nne analijua: si la mpenzi wake, ni la fundi wa kupanga herufi kule chini, anayemtania kila usiku kwa mwandiko wake mbaya.

BwanaFaili: Haya, nimeshindwa. Anwani anaiandika au haandiki?