Naomba ushauri: mdahalo kuhusu ajali za helikopta za jeshi

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nafundisha sekondari hapa Tukuyu. Ijumaa tuna mdahalo: helikopta ya jeshi ikianguka, alaumiwe rubani au mashine?

Nimechukua mfano wa Chinook, helikopta ya jeshi la Uingereza, iliyogonga kilima cha Mull of Kintyre, Scotland, kwenye ukungu, 2 Juni 1994. Wote 29 walikufa. Marubani wawili walitwishwa uzembe mkubwa mwaka 1995, wakasafishwa 2011. Miaka 16 marehemu wanalaumiwa, hawawezi kujitetea! Inaniuma.

Wanafunzi, kwa kuuzoea ukungu wa huku, wanasema "hali ya hewa" na kunyamaza. Nimewaeleza kuhusu programu ya kompyuta ya injini iliyotiliwa shaka, bado wamekwama.

Mliofanya kazi na ndege: helikopta ile haikuwa na kinasa sauti, sasa wachunguzi huanzia wapi? Na niwatofautishieje vijana chanzo na kosa?