Sharlotka yangu inabonyea katikati, nakosea wapi?

mpishi_mgeni: Habari wadau, nimejaribu hii keki ya tofaa ya Kirusi, mayai 4, sukari kikombe 1, unga kikombe 1, matofaa 3, haina siagi wala beking pauda. Ikiwa kwenye oveni inaumuka safi tu, nikishaitoa inabonyea na chini imekuwa kama uji. Shida nini?

kijiko_cha_mbao: Mayai hayo hujapiga vya kutosha. Kinachoumua humo ni hewa ya mayai tu, so piga na sukari dakika 7 mpaka 10 yawe meupe mazito, ukiinua mchapo (kile cha kupigia mayai) mchanganyiko udondoke kama uzi, ubaki juu kidogo ndo uzame. Unga chekecha halafu changanya taratibu na mwiko, ukikoroga kwa fujo hewa yote kwisha.

bibi_oveni: Na dakika 25 za mwanzo usifungue oveni jamani. Moto nyuzi 180 za Selsiasi, dakika kama 40, choma kijiti kitoke kikavu. Matofaa chukua machachu magumu, Warusi wenyewe wanapenda aina inaitwa Antonovka, yale laini yanatoa maji ndo huo uji wako.

mpishi_mgeni: Kumbe! Mi nilikuwa nachungulia kila dakika tano 🙈