Je, ni kosa kufundisha Julius Caesar kwa msaada wa tafsiri ya Mwalimu Nyerere?

Swali, kutoka kwa mwalimu wa Kiingereza, Tanga

Ndugu walimu, ninafundisha Kiingereza kidato cha tatu, na muhula huu tunasoma Julius Caesar ya Shakespeare kama kitabu cha ziada, nje ya orodha ya vitabu vya mtihani. Wanafunzi ni 46, nakala ni 9. Tulipomaliza tendo la kwanza niliuliza kwa nini Cassius anamhitaji Brutus katika njama yake ya kumuua Caesar, nikajibiwa na wanafunzi 12 kwa sentensi moja isiyotofautiana hata kwa neno. Ndipo nikatambua kwamba wamekuwa wakikariri mwongozo wanaoazimana bwenini, na tamthilia yenyewe hawajaigusa.

Wiki iliyopita nilikuta maktabani Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, nikawasomea ukurasa mmoja. Darasa lilitulia kwa namna ambayo sijaiona tangu Januari, na kengele ilipolia wakaniomba niendelee. Hata hivyo mkuu wa idara yetu amenitaka niache, kwa sababu kipindi ni cha Kiingereza na vijana hawa hawana mahali pengine pa kukisikia Kiingereza kizuri isipokuwa darasani. Siwezi kusema kwamba amekosea. Je, yupo aliyewahi kutumia tafsiri hii bila kukipunguza Kiingereza, na alifanyaje?

Jibu la kwanza, kutoka kwa mwalimu mstaafu, Morogoro

Mwanangu, mimi niliitumia kwa miaka mingi, na nilianza kwa kukosea. Nilikuwa nikisoma Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza, na wanafunzi wakishaelewa kisa hawakuwa na sababu tena ya kuhangaika na maneno ya mwaka 1599. Nilipougeuza utaratibu huo mambo yalibadilika: Kiingereza kilisikika kwanza, kwa sauti, bila maelezo yoyote, Kiswahili kikaingia katikati, kisha tukarudi kwenye Kiingereza na kubaki huko hadi mwisho wa kipindi.

Tena usiendelee na tendo la pili kwa sasa. Ruka uende tendo la tatu, onyesho la pili, penye hotuba mbili za msiba wa Caesar. Brutus anasema kwa nathari, sentensi zilizopimwa kama za wakili, akiwaeleza watu kwamba hakumpenda Caesar pungufu bali aliipenda Roma zaidi. Umati unamshangilia, na raia mmoja anapaza sauti kwamba huyu naye afanywe Caesar. Simama hapo. Waulize wanafunzi wako: mtu huyu ameua ili pasiwe na mfalme, je, hao wanaomshangilia wameelewa nini? Mimi sikuwahi kupata swali lililowafanya wanafunzi warudi kwenye kurasa zao haraka kuliko hilo.

Halafu anapanda Antony, rafiki wa Caesar, naye anasema kwa ushairi. Hamtukani mtu yeyote. Anataja fidia za mateka zilizojaza hazina ya umma, machozi ambayo Caesar aliwalilia maskini, taji alilolikataa mara tatu siku ya sikukuu ya Lupercal, na baada ya kila jambo anarejea kwamba Brutus ni mtu wa heshima, hadi neno hilo honourable linageuka kuwa shtaka. Kabla ya kufungua kitabu cha Mwalimu, nililipa kila kundi kazi ya kulitafutia neno hilo mwenzake wa Kiswahili. Wapo walioleta "mwungwana", wapo walioleta "mwadilifu", na kila mwaka alitokea mmoja wa kusema "mheshimiwa", darasa likalipuka, kwa kuwa wote wanajua jinsi neno hilo linavyoweza kutamkwa kwa adabu kamili na bado likachoma. Baada ya hapo walisimama mmoja mmoja kuisema sentensi ya Kiingereza, mara ya kwanza kwa heshima ya kweli, mara ya mwisho kwa kejeli. Mwanafunzi aliyebishana dakika kumi juu ya neno moja la Kiswahili halisahau lile la Kiingereza.

Ndipo tulipoangalia Mwalimu alichagua nini, na mara nyingi walimpinga. Naamini lingempendeza, kwani yeye mwenyewe alichapisha tafsiri yake mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969. Mwaka huohuo alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya The Merchant of Venice ya Shakespeare, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Waulize kwa nini aliandika mabepari wakati angeweza kusema wafanyabiashara, na utapata insha nzuri ya Kiingereza bila kuwapa mada nyingine.

Nakala 9 zinatosha. Kaa nao makundi ya watu watano watano, nakala moja katikati, msomaji mmoja kwa zamu.

Jibu la pili, kutoka kwa mwalimu wa Kiingereza na fasihi, Kisumu

Mwalimu mwenzangu, namuunga mkono mkuu wako wa idara kwa nusu. Ukieleza kila kitu kwa Kiswahili, utakuwa umewapa mwongozo mwingine, mzuri zaidi wa kusikiliza lakini mwongozo vilevile. Hata hivyo tafsiri yenyewe si adui. Hapa Kenya tulifundisha A Doll's House ya Ibsen kwa miaka kadhaa ikiwa tamthilia ya lazima katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, na hakuna aliyelalamika kwamba tunasoma tafsiri, ingawa Ibsen hakuiandika kwa Kiingereza na ilionyeshwa mara ya kwanza Copenhagen mwaka 1879. Shakespeare naye alimpata Plutarch, mwandishi wa Kigiriki ambaye kwake alichota kisa cha Julius Caesar, kupitia tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579, ambayo North aliitoa katika Kifaransa cha Jacques Amyot, wala hakusoma Kigiriki chake.

Kuhusu miongozo, dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuuliza jambo lisiloweza kujibiwa ila na aliyesoma matini. Mwongozo waliokuwa nao wanafunzi wangu ulisema tu kwamba Nora, mhusika mkuu wa A Doll's House, alighushi sahihi ya baba yake. Niliwauliza Krogstad, aliyemkopesha fedha, alijuaje. Jibu limo katika tarehe mbili: baba alifariki tarehe 29 Septemba, na sahihi yake imeandikwa tarehe 2 Oktoba. Msichana mmoja aliyekuwa hafungui kitabu alizigundua tarehe hizo peke yake, akasimama kuzisoma kwa Kiingereza huku mkono ukimtetemeka. Katika Julius Caesar mtafutie Cinna mshairi, tendo la tatu, onyesho la tatu, uulize anauawa kwa kosa gani.

Jibu la tatu, kutoka kwa mwalimu wa Kiswahili, Lamu

Ninaandika kutoka upande wa pili wa ukuta. Nikifundisha Al-Inkishafi, shairi la zaidi ya miaka 200 lililoandikwa kwa Kiamu, lahaja ya hapa Lamu, wanafunzi kutoka bara hawaelewi hata beti mbili bila ufafanuzi wa maneno, na hapajatokea mtu wa kuniambia kwamba maelezo hayo yanakidhoofisha Kiswahili. Tunasoma beti za majumba ya Pate, kisiwa jirani, zile nyumba za fahari ambazo vidaka vyake vya vyombo sasa vinalaliwa na makinda ya ndege, tunaeleza neno moja moja, kisha tunarudi kuzighani kama zilivyo. Lugha kongwe inahitaji daraja, iwe ya kwetu au ya Uingereza.

Ningeomba pia vijana wako waambiwe wazi kwamba kitabu hiki hakisomwi kwa sababu Waingereza walikileta. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika iwe katikati na nyingine zipimwe kutoka hapo, na dai hilo bado ni la haki. Lakini wafungwa wa Robben Island, gereza la kisiwani Afrika Kusini, walipitishiana nakala ya Shakespeare, na tarehe 16 Desemba 1977 Mandela alitia sahihi yake katika Julius Caesar, pale Caesar anaposema kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chao. Nadhani mwanafunzi wa Tanga anastahili kujua hilo kabla hajaambiwa dhamira na maudhui.

Kutoka kwa aliyeuliza

Shikamoo mwalimu wa Morogoro, na ahsanteni nyote. Nimemwonyesha mkuu wa idara utaratibu wa Kiingereza, Kiswahili, kisha Kiingereza, naye amekubali vipindi viwili vya Jumatano kwa sharti kwamba awepo. Nitaanza na hotuba ya Brutus, na nimemwomba yeye mwenyewe aisome.