Ripoti ya machimbo ya changarawe: tukague nini kabla ya kibali kutolewa?

mwenye_swali
Wakuu, kuna ombi la kuchimba changarawe hekta 18, mita 400 kutoka visima vya kijiji. Tathmini ya athari kwa mazingira inasema shimo litaishia mita 12, maji ya ardhini yako mita 14, hivyo hayataguswa. Kina hicho kimepimwa mara moja, wakati wa kiangazi. Changarawe itaoshwa hapohapo. Muda wa kutoa maoni ni wiki tatu. Tubane wapi?

kina_cha_maji
Baneni hiyo mita 14. Ni kipimo cha kiangazi, wakati kinachoamua ni kina cha mwisho wa mvua. Maji yakipanda mita 3 tu, sakafu ya shimo imezama mita 1. Hapo patahitajika pampu, na pampu hushusha maji pande zote. Kwenye changarawe, inayopitisha maji upesi, mshuko huo hufika mbali.

Daini visima vya uangalizi (mabomba ya kupimia kina cha maji ya ardhini) visivyopungua 3, vikae pembetatu. Vikipangwa mstari mmoja havionyeshi maji yanaelekea wapi. Mdomo wa kila bomba upimwe mwinuko kwa leveli (kifaa cha wapima ardhi), kisha kina kisomwe kila mwezi kwa mwaka mzima kabla ya kuchimba. Kosa la kila mara: bomba moja limechomoza sm 40, jingine sm 70, na hakuna aliyetoa tofauti hiyo. Pale ambapo maji yana mteremko mdogo, sm 30 zinatosha kugeuza mshale wa mwelekeo wa maji kwenye ramani.

Visima vya kijiji navyo vipimwe sasa, kina na ubora. Kikikauka baadaye bila kumbukumbu za awali, mtathibitisha kwa nini?

tope_na_maji
Naongeza bwawa la kutuamisha tope la maji ya kuoshea changarawe. Eneo lake ni mtiririko wa maji kugawanya kwa kasi ya chembe kuzama. Chembe ya mm 0.02 huzama takriban mm 0.36 kwa sekunde, kwa hiyo lita 10 kwa sekunde zinahitaji mita za mraba 28. Chembe ya mfinyanzi ya mm 0.002 huzama polepole mara 100: mita za mraba 2,800! Na hiyo ni kwa maji yaliyotulia kabisa. Kuchimba bwawa refu kwenda chini hakufidii eneo dogo. Ripoti ikisema "bwawa la kutosha" bila vipimo vya chembe, irudishwe.

mwenye_swali
Asanteni sana. Vumbi je?

tope_na_maji
Msiangalie krasha (mashine ya kupondea mawe) peke yake. Barabara ya malori isiyo na lami mara nyingi ndiyo hutimua zaidi. Ratiba ya kumwagia maji iandikwe ndani ya kibali.

kina_cha_maji
Sharti la maji nalo liandikwe kwa namba: "Sakafu ya shimo ibaki angalau mita 1 juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji kilichopimwa." Neno "kadiri inavyowezekana" likiingia hapo, likataeni.