Jina la ukoo Bafadhili: hiyo "Ba" ni ya nini?

Mjukuu_Tanga:
Assalaam aleikum. Cheti cha ndoa cha babu mzaa baba kimeandikwa Bafadhl. Baba anaandika Bafadhil. Kitambulisho changu kimeongezewa i: Bafadhili. Shuleni waliniita "Baba Fadhili", na utani huo haujaisha. Shangazi ukimuuliza anasema "sisi Washihiri", basi, anarudi kwenye chai yake. Ni kabila au ni mji? Na kina Barwani, maadamu nao wanaanza na Ba, ni ndugu zetu?

Mzee wa Kibokoni:
Waaleikum salaam, mwanangu. Shangazi amekupa nusu ya jibu. Shihr ni bandari ya Hadhramaut, huko Yemen. Huku pwani, Mhadhrami yeyote aliitwa Mshihiri, hata kama katokea Tarim, bara kabisa. Walikuja na majahazi msimu wa kaskazi, wa kurudi wakarudi na kusi, wengine wakaoa wakabaki.

"Ba" ni alama ya Kihadhrami: watu wa fulani, kizazi chake. Bafadhl ni kizazi cha Fadhl. Bawazir na Bakathir ni mtindo huohuo. Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, aliyesomesha Unguja hadi akafariki 1925, alikuwa na jina la namna hiyo. Barwani sio. Hao asili yao Oman, na Ba yao imo ndani ya jina: ukiing'oa, hakibaki kitu. Bakari ndiyo kabisa usiitie humo, hiyo ni Abubakar.

Ummu_Salma:
Naongeza kidogo. Si kila Mshihiri ana Ba: kina Al-Amudi, na masharifu kama Jamalilail na Haddad, wote ni wa hukohuko. Kina Bafadhl walijulikana kwa elimu. Sheikh Abdallah Bafadhl alifariki Shihr mwaka 1512, na kitabu chake kifupi cha fikihi ya Kishafi bado kinasomeshwa.

Ila usikimbilie kujiunga na silsila yake, kaka. Watumwa walioachwa huru nao wakati mwingine walichukua jina la ukoo wa bwana wao. Jina peke yake si ushahidi wa damu.

Mzee wa Kibokoni:
Kweli kabisa. Angalia mashahidi kwenye hicho cheti cha ndoa. Mara nyingi walikuwa jamaa.

Mjukuu_Tanga:
Nimekifungua sasa hivi. Shahidi wa pili ni Bafadhl, wa Pangani! Shangazi hajawahi kumtaja. Nampigia.