Takakia, ile kuvumwani ya Himalaya: kweli inaenda kupotea?

Mdadisi_Mkuu:
Wakuu habari. Nimekutana na habari ya mmea wa milima ya Himalaya unaitwa Takakia, jamii ya kuvumwani (vile vimea vidogo vya kijani vinavyotanda penye unyevu), wanasema ina miaka kama milioni 390, yaani Himalaya yenyewe imeinuka ikaikuta, dinosaria wamekuja wameondoka yenyewe ipo, halafu eti sasa hivi ndo inapungua kisa joto. Kitu kimevuka yote hayo kinashindwaje na nyuzijoto chache? Na kwa nini wasihifadhi mbegu kwenye friji, mambo yakikaa sawa wapande?

kishungi:
Mbegu za wapi mkuu 😂 kuvumwani haina ua wala mbegu, inatoa spora (chembe ndogo sana za kuzaliana), na hii Takakia hata spora zake ni nadra, mara nyingi inaenea kwa kumeguka tu, kipande kikidondokea penye unyevu kinaota. Wataalamu wenyewe ilishawachanganya, wengi waliiweka kundi lingine kabisa, mpaka 1993 ilipotangazwa mimea yake yenye spora kutoka visiwa vya Aleutian kule Alaska, ndo ikaonekana ni kuvumwani.

JiweLaJuu:
Hilo la joto ni suala la mwendo. Mlima ulipanda polepole, mamilioni ya miaka, nayo ikajizoesha taratibu, ndo maana utafiti uliotoka 2023 kwenye jarida la Cell ulikuta jeni zake nyingi zimebadilika haraka sana, hasa za kujikinga na mionzi mikali ya jua. Saa hizi inapewa miaka makumi tu. Pale Tibet, huko huko Himalaya, walipoipima eneo lake lilikuwa linapungua kama asilimia 1.6 kwa mwaka, na mimea mingine ikizidiwa na joto angalau inasogea juu, hii ishakaa mita 4,000 na zaidi, isogee wapi?

mzee_wa_kubisha:
Nilisoma haraka nikajua mnajadili takataka

Mdadisi_Mkuu:
@mzee_wa_kubisha acha hizo bana. @JiweLaJuu kwa hiyo ndo basi tena?

JiweLaJuu:
Hapana, wanaizalisha maabara halafu wanairudisha mlimani, na kuna iliyopandwa huko ikakutwa hai baada ya miaka 5. Mimi lakini roho haijatulia, unairudisha palepale panapoifukuza.

kishungi:
Bora hivyo kuliko kukaa kuitazama. Na jina ni la heshima kwa Noriwo Takaki, Mjapani, mzee wa takataka umesikia?